Mulbadaw Kabla ya Trekta

Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1969, akichunga ndama kwenye tambarare za Basotu wilayani Hanang, sasa ni mzee aliyevuka miaka 60. Baba yake, ambaye aliijua ardhi hiyo kwa akili ya mtu mzima kabla trekta la kwanza halijafika, yaelekea ameshatangulia mbele ya haki. Hesabu hii ni nyepesi, lakini nadhani sisi tunaoandika historia ya Manyara hatujaitia maanani. Karibu kila shahidi wa macho aliyebaki wa namna tambarare zile zilivyokuwa kabla ya mashamba makubwa ya ngano aliziona akiwa mtoto. Tukishikilia kwamba kumbukumbu za utotoni ni masimulizi ya jioni tu, mazuri kwa wajukuu lakini hayafai kwa mwanahistoria, tutakuwa tumewaondoa mashahidi wote kizimbani kwa mkupuo mmoja na kubaki na makaratasi. Ninataka kuonyesha kwamba kumbukumbu hizo ni ushahidi wa kweli, na kwamba kwa baadhi ya maswali zinapita makaratasi. Nitajikita kwenye ardhi moja, Mulbadaw, ambayo kwa muda usiozidi uhai wa mtu mmoja imekuwa malisho ya Wabarbaig, kisha shamba la shirika la umma, kisha shamba la taasisi ya kanisa, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom.

Kuishi jirani na taasisi ya kanisa si jambo geni upande huo wa nchi. Mapadri Weupe walifungua misheni Mbulu mwaka 1907, enzi ya Wajerumani. Baadaye kazi yao ikachukuliwa na Wapallotini kutoka Ayalandi, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mbulu ikawa jimbo kamili la Kanisa Katoliki. Dareda ilipata hospitali ya masista wa Kikatoliki. Walutheri wa Norwei nao walijenga Haydom, ikafunguliwa mwaka 1955 mahali ambapo Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe, Wanyiramba na Waisanzu wanakutana, mahali adimu barani Afrika ambapo lugha za asili nne tofauti kabisa zinasikika ndani ya mwendo wa siku moja. Mipaka ya serikali imebadilika mara nyingi mno: Hanang ilikatwa kutoka Mbulu mwaka 1969, Babati ikakatwa kutoka Hanang mwaka 1985, na mwaka 2002 zote zikahamia mkoa mpya wa Manyara. Kwa hiyo anayetafuta nyaraka za eneo hili lazima ajue zinaweza kuwa zimehifadhiwa chini ya jina la wilaya gani na mwaka gani, na mara nyingine jibu ni Arusha. Taasisi za kanisa, kinyume chake, zimebaki palepale. Mtu anayezaliwa leo Haydom huenda anazaliwa katika hospitali ileile alimozaliwa mama yake.

Taasisi ya aina hiyo, ikiwa mbali na mji, haiwezi kuishi kwa sadaka peke yake. Ina wagonjwa, ina ndugu wa wagonjwa wanaokuja nao na kupika nje ya wodi, ina watumishi na wanafunzi wa uuguzi. Shamba huwa jiko lake, na mavuno yakiwa mazuri huwa mfuko wake pia. Kwa upande wa Mbulu, historia ya ujirani huo ina sura ya makazi mapya. Wairaqw walitoka kwenye kitovu chao cha milimani, Irqwa Da'aw, ambako kwa vizazi vingi walilima kwa samadi na kufuga ng'ombe ndani kwa ustadi ulioandikwa na watafiti wengi. Wakasambaa kuelekea mabonde na tambarare kadiri idadi yao ilivyoongezeka na kadiri mbung'o walivyorudi nyuma. Serikali ya mkoloni ilisukuma jambo hilo kwa mipango ya kufyeka vichaka na kuhamisha watu. Haydom ilijengwa katika mawimbi ya uhamiaji huo, kanisa na mwenyeji wake wakiwa wageni pamoja. Aliyekulia upande huo hukumbuka taasisi na kijiji vikikua kwa wakati mmoja, na simulizi lake, hata linapolalamika, ni la kitu kilichoongezeka.

Ukivuka kwenda Hanang, mambo yanageuka. Wabarbaig, tawi kubwa la Wadatoga, walitumia tambarare zilizo magharibi ya Mlima Hanang kwa mzunguko wa misimu uliopangwa kwa makini. Charles Lane, aliyefanya utafiti kwao miaka ya 1980, aliuchora mzunguko huo: miteremko ya mlima ilikuwa na wakati wake, kingo za maziwa ya magadi zilikuwa na wakati wake, na mabonde yenye udongo mweusi wenye rutuba, ambayo Wabarbaig huyaita muhajega, yalikuwa na wakati wake, mvua inaponyesha na majani yake yanapokuwa na nguvu kuliko yote. Kisha yaliachwa yapumzike. Hapo ndipo msiba ulipoanzia. Mpimaji akifika kwenye muhajega wakati wa kiangazi haoni ng'ombe, haoni nyumba, anaona ardhi tambarare, nyeusi, isiyo na mawe, ambayo kila mkulima wa ngano huiota. Anaandika kwamba ni wazi. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirika la umma la kilimo, NAFCO, likisaidiwa na serikali ya Kanada kwa mashine, wataalamu na fedha, lilifungua huko mashamba ya ngano ambayo hatimaye yalifika saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret na Gidagamowd. Kwa pamoja yalikaribia ekari 100,000. Ukizilinganisha na wilaya nzima ya wakati ule, hiyo ni sehemu ndogo. Ndiyo maana hesabu ya ekari inadanganya: kilichochukuliwa ni kile ambacho mzunguko mzima ulikitegemea, na kilipoondoka, miteremko na kingo za maziwa zilibebeshwa mifugo ambayo hazikuwahi kuibeba kwa mwaka mzima.

Mulbadaw ndiyo iliyofika mahakamani kwanza. Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 waliishtaki NAFCO katika Mahakama Kuu, Arusha, wakidai imevamia ardhi yao na kuharibu mali zao. Walishinda. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo: kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi hiyo kwa utaratibu wa sheria ya vijiji ya mwaka 1975, na wanakijiji wenyewe hawakuthibitisha kisheria haki waliyoidai kwa mila. Mwishoni mwa miaka ya 1980 amri za serikali zikafuta haki za kimila katika maeneo ya mashamba hayo, ili kesi zinazofuata zikose pa kusimamia. Mwaka 1989 Wabarbaig waliandika barua ya wazi kwa wananchi wa Kanada. Mwaka 1993 tume iliyoongozwa na Jaji Robert Kisanga ilichunguza malalamiko ya ukiukwaji wa haki za binadamu kwenye mashamba yale: watu kupigwa, mifugo kukamatwa, njia kufungwa, makaburi kulimwa. Huo ndio mfululizo wa nyaraka, na ninauheshimu. Bila huo tusingejua hata mwaka wa jambo lolote. Lakini tazama kila hati inauliza nini. Sheria iliuliza nani aliyegawiwa, na kwa kikao gani. Mpimaji aliuliza jiwe la mpaka liko wapi. Hakuna karatasi hata moja katika mfululizo huo iliyowekwa ili kujibu swali la kwanza la historia ya ardhi, yaani watu walipita wapi, lini, na kufanya nini.

Swali hilo analijibu mtoto, kwa sababu kazi ilikuwa yake. Katika jamii za wafugaji wa Hanang, na vilevile kwa Wairaqw, kuchunga ni kazi inayopanda na umri. Mdogo hupewa ndama na mbuzi karibu na boma. Akikua kidogo hupewa ng'ombe na eneo pana zaidi, na baadaye ndipo huenda mbali na kulala huko na vijana wakubwa. Maarifa yake kwa hiyo yanakua kwa duara zinazopanuka kutoka nyumbani, kila duara likiwa na miaka yake. Mwanahistoria angelipia ghali kupata chanzo cha namna hiyo, kilichopanga umbali na wakati pamoja. Mzee akisema alifika kwenye bonde fulani akichunga ndama, amekuambia kwamba bonde lilikuwa karibu na boma la baba yake na kwamba yeye alikuwa mdogo. Akisema bwawa fulani alilijua alipoanza kwenda na ng'ombe wakubwa, amekupa umbali mwingine na mwaka mwingine. Tena mchungaji mdogo hana ruhusa ya kusahau. Kosa lake la njia lilimaanisha mnyama kulala nje, na kesho yake kulikuwa na bei ya kulipa. Kitu kilichojifunzwa kwa kuogopa adhabu, kwa miguu, mara mamia, hakifanani na kumbukumbu ya sherehe moja au ya maneno ya mgeni. Ndiyo maana mtu mzima aliyekuwa mkutanoni anaweza kukosea mwaka wa mkutano, lakini mtoto aliyepeleka ng'ombe majini hakosei upande mto ulikokuwa.

Mtoto pia ndiye aliyeuona mpaka ukitokea. Wakubwa walisikia habari za shamba kwa viongozi, kwenye baraza, kwa maneno. Mchungaji alikutana nalo kama sesa iliyokata njia. Alijua siku ile kwamba jana alipita na leo hapiti, na alijua mahali hasa. Malalamiko yaliyofika kwa tume ya Kisanga kuhusu mifugo iliyokamatwa na watu waliotozwa faini kwa kuingia shambani yana wahusika, na kwa kuwa kuchunga ni kazi ya wadogo, wengi wa waliokuwa na fimbo mkononi wakati wanyama wanavuka walikuwa wadogo. Hili sijaliona likiandikwa popote kama jambo la utoto. Limeandikwa kama jambo la mifugo.

Pingamizi la kwanza ni la haki, na wanahistoria walio makini wataliinua: kumbukumbu hutiwa sukari. Mzee anayekumbuka utoto wake anakumbuka pia ujana wake, na ujana hufanya maziwa kuwa matamu na majani kuwa marefu. Zaidi ya hapo, yule aliyekuwa mtoto asiye na maslahi leo ni mtu mzima mwenye maslahi: ana wana wanaohitaji ardhi, na anajua kuna kesi. Nakubali yote mawili. Lakini sukari haiingii kila mahali sawasawa. Urefu wa majani siuamini, wala sijengi hoja juu yake. Mahali pa bwawa, jina la bonde, upande njia ilikoelekea na mpangilio wa misimu ni vitu vinavyoweza kupimwa. Wazee watatu wa maboma tofauti, wakihojiwa kila mmoja peke yake, ama watakubaliana kuhusu njia ya kwenda Ziwa Basotu ama hawatakubaliana. Ramani za Lane zipo, na alizichora wakati ambapo wazazi wao walikuwa hai, kwa hiyo zinaweza kuwekwa kando ya maneno yao. Na ardhi yenyewe ina mashahidi wake. Wabarbaig huwajengea wazee wao wenye heshima kaburi la tuta kubwa la udongo, bung'eda, ambalo ukoo hulijua na hulirudia kwa vizazi. Matuta kadhaa yalilimwa na mashine za ngano, jambo lililowaumiza watu kuliko karibu lolote jingine, lakini sehemu lilipo au lilipokuwa tuta ni nukta kwenye ramani, si hisia. Maslahi nayo hayamwondoi shahidi. Mahakama zote zimejaa mashahidi wenye maslahi, na kazi ya anayewasikiliza ni kuwalinganisha. NAFCO nayo ilikuwa na maslahi katika hati zake, na hakuna aliyependekeza hati zile zitupwe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa sababu linatoka moyoni. Shamba hili sasa ni la hospitali. NAFCO ilikwisha kujiondoa, mashamba yale saba yakagawanywa, mengine yakirudi kwa wananchi na mengine yakienda kwa wawekezaji, na Mulbadaw ikaja chini ya Haydom. Hospitali haikumfukuza mtu hapo. Inachovuna kinasaidia kuendesha wodi ambamo watoto wa Wabarbaig wenyewe wanalazwa. Kwa miongo mingi watumishi wake wamefuata kliniki za mama na mtoto hadi vijiji ambavyo havikuwa na barabara, mara nyingine kwa ndege ndogo. Kwa nini basi kufukua habari za zamani na kuitia doa taasisi ambayo, kama isingekuwapo, wengi wa hao wenye kumbukumbu wasingekuwa hai kuzisimulia? Mtu anayesema hivi hasemi uongo, na sitaki kumjibu kwa urahisi. Jibu langu ni kwamba mrithi hupokea mali pamoja na madeni ya marehemu, na kwetu madeni hulipwa kabla ya kugawana. Kurithi shamba la NAFCO kwa njia halali hakumfanyi mrithi kuwa mkosaji. Kunamfanya awe mtu wa kwanza anayepaswa kujua kilichotokea pale. Na taasisi ya kanisa ina wajibu zaidi wa kusikiliza kuliko kampuni, kwa kipimo ilichojichagulia yenyewe. Maandiko inayoyasoma kila Jumapili yanamwagiza mwenye shamba, katika Mambo ya Walawi sura ya 19, asivune pembe zote, awaachie maskini na mgeni. Na kitabu kizima cha Ruthu kinasimama juu ya mwanamke mgeni anayeokota masazo shambani mwa mtu mwingine. Hayo ni maandiko ya watu waliojua kwamba shamba lina majirani, na kwamba jirani anayeingia pembeni mwa shamba anaweza kuwa ana haki ya kuwa hapo. Kukumbuka waliopita njia ya ng'ombe kabla ya ngano si uadui kwa hospitali. Yule mzee anayekumbuka boma la baba yake na pia anakumbuka sindano ya chanjo aliyochomwa mjukuu wake na muuguzi wa Haydom haoni mgongano wowote kati ya shukrani na dai lake. Mgongano huo tunautengeneza sisi tunaotaka simulizi iwe na upande mmoja.

Kuna pingamizi la tatu, na hili lazima nilikubali kwa sehemu kubwa. Hata bila NAFCO na bila Haydom, malisho yale yangepungua. Wairaqw waliendelea kushuka na jembe, wakulima wengine wakaja, operesheni za vijiji vya miaka ya 1970 zikawakusanya watu waliozoea kutawanyika, na wilaya zikajaa. Anayeandika kana kwamba Wabarbaig walipoteza kila kitu kwa trekta la Kikanada anaficha sehemu ya jembe la jirani yao. Kumbukumbu za utotoni hapa zinasaidia kuliko hoja za pande zote mbili, kwa sababu zinatofautisha. Jembe la jirani lilikuja kidogo kidogo, shamba moja msimu huu na jingine msimu ujao, na watoto wa pande hizo walichunga pamoja, wakagombana, wakajifunza lugha ya wenzao. Wengine wakaoana. Trekta lilikuja kwa mstari ulionyooka. Mbarbaig anayesimulia utoto wake anaweza kueleza tofauti hiyo bila kusoma kitabu: alizunguka shamba la jirani, lakini shamba la ngano halikuzungukika. Vilevile kuna watoto wa aina nyingine ambao hakuna aliyewauliza lolote, wana wa madereva, mafundi na vibarua waliokuja kutoka mikoa mingine kufanya kazi kwenye mashamba yale na kuishi kambini. Kwao Mulbadaw ni nyumbani, na ngano ndiyo mazingira waliyozaliwa nayo. Walipoteza pale NAFCO ilipokufa, kama Wabarbaig walivyopoteza ilipozaliwa. Historia inayowaacha hao nje itakuwa imerudia kosa la hati, la kuuliza swali moja tu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekuja na mtazamo ambao majaji wa 1985 hawakuwa nao mezani. Inatambua haki miliki ya kimila kuwa na hadhi sawa na haki iliyotolewa kwa hati, na inaweka baraza la ardhi la kijiji mahali ambapo wazee wanaweza kusema. Sheria hiyo haiwezi kufufua kesi iliyokwisha, wala siombi hivyo. Ninachoomba ni kazi ya historia, na Haydom ni mahali panapofaa kuifanya kuliko mahali pengine popote katika eneo hili. Kuanzia mwaka 2009 hospitali hiyo ilikuwa mojawapo ya vituo vinane duniani vya utafiti wa MAL-ED, uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa. Watafiti wakaenda nyumba kwa nyumba katika vijiji vya jirani, wakipima urefu na uzito, wakiandika mtoto ameugua nini na amelishwa nini. Walikuta udumavu mkubwa na chakula kilichoegemea mno mahindi. Taasisi iliyoweza kurudi mlango uleule mara nyingi hivyo ili kujua mtoto alikula nini wiki hii ina uwezo wa kurudi mlango huohuo na kumuuliza babu yake alikula nini utotoni, maziwa yalitoka kwa ng'ombe wangapi, na ng'ombe hao walilishwa bonde gani mwezi gani. Maswali hayo mawili ni swali moja la afya lililotenganishwa na miaka 60. Wazee wapelekwe shambani kwa miguu, si kuhojiwa ofisini, kwa sababu mchungaji hukumbuka kwa kupita. Kila njia, bwawa na bung'eda watakavyovitaja viwekwe kwenye mipango ya matumizi bora ya ardhi ya vijiji vinavyopakana na Mulbadaw na kwenye ramani ya shamba lenyewe, vikiwa na majina ambayo watoto wa 1969 walivijua kwayo. Kazi hiyo haisubiri fedha nyingi wala hukumu mpya. Inategemea tu mashahidi walio hai, ambao sasa wana miaka 60, 70 na zaidi.